Rafiki Niliyemzika Bila Kumwosha

Watu wa Kulesa huniuliza kila mara kwa nini niliacha kufundisha, nami huwajibu kwa ukali kwamba macho yamechoka. Uongo mtupu. Macho haya bado yanamwona mamba aliye ng'ambo ya mto.

Maisha yangu yamekuwa marefu, na hayakutulia pahali pamoja. Nimelima mpunga, nimepiga kasia mpaka Kau, nimebeba bunduki katika jeshi la sultani wetu. Vita vilipokwisha nikaenda Lamu kusoma, nikarudi mwalimu wa elimu ya nafsi. Wanafunzi walijaa mkekani niwaeleze nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia. Wenye kuota ndoto mbaya waliletwa kwangu, hata wafugaji walitoka nyikani na vibuyu vyao vya maziwa. Wote niliwatuliza. Lakini mimi mwenyewe sikuweza kutawadha bila kusikia sauti mgongoni: "Maji nimeleta." Ndiyo hivyo, mganga hajigangi.

Sauti ilikuwa ya rafiki yangu. Tuliingia jeshini pamoja, tukawekwa lindo moja kwenye shamba la mahindi ukingoni mwa mto. Tulikuwa tumeambiwa Wazungu wako njiani. Kiu ilinikaba koo, naye akasema, "Wewe kaa, nitakutekea." Nikasinzia. Nikashtuka mahindi yakitikisika, nikafyatua bunduki. Aliyelala pale ni yeye, kibuyu mkononi, na kizibo hakijatoka. Adui mwenyewe alifika siku ya pili yake.

Wenzangu walipokuja mbio niliwaambia amepigwa na wapelelezi wa adui. Waliniamini. Shahidi wa vitani haoshwi wala hasaliwi, huzikwa na damu yake, basi tukamzika vivyo hivyo, palepale shambani. Kisha nikaenda kwa mama yake. "Mama, mwanao ni shahidi." Akapiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Ee Mola wangu, kigelegele kile!

Tangu hapo hakuna Idi aliyonisahau. Aliniletea sahani ya wali na mtungi mdogo wa maji, akakaa kunitazama nikila. "Wewe ndiye niliyebakishiwa," alikuwa akisema. Nilikula, na aibu ilinichoma.

Halafu mto ukaanza kuhama, kama ilivyo desturi yake. Ukamega shamba, ukachukua migomba, zikabaki hatua nne tu kufika kaburini. Mama, sasa mkongwe wa kushikwa mkono, akanijia. "Mwanangu, twende tukamhamishe kabla mto haujamchukua. Nataka wewe ndiye umshike."

Tulikwenda asubuhi na wachimbaji wawili. Mifupa ilipoonekana, mama akakunjua sanda mpya. "Hapa hatuoshi mtu," aliwaambia kwa majivuno. "Shahidi haoshwi." Nikinyamaza, rafiki yangu atazikwa mara ya pili kwa uongo uleule. Nikawaomba wachimbaji wasogee, nikamwambia mama yote.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Alikuwa ameshateka?"

"Ameshateka, mama."

"Na yale maji yalikwenda wapi?"

Laiti angeniuliza jambo jingine lolote.

"Niliyanywa, mama. Nilikuwa na kiu."

Alinikazia macho mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akanisukumia mtungi aliokuja nao. "Kateke."

Nikateremka mtoni, nikateka, nikamwosha rafiki yangu mfupa mmoja mmoja. Mama alinielekeza: hapa bado, rudia pale. Tukamvika sanda, tukamsalia, tukamzika juu kwenye mwinuko ambako mto haufiki. Msamaha sikuuomba. Ningeanzia wapi? Naye hakunipa.

Wanafunzi walipokuja juma lile, mmoja aliniomba niwarudie somo la nafsi inayojilaumu. Nikawaambia waende kwao, nikakunja mkeka. Mkeka huo uko darini mpaka leo.

Mnadhani sauti imenyamaza? Wapi! Nikitawadha sasa nasikia "Kateke," na si sauti ya rafiki yangu tena.

Idi iliyofuata mama alikuja kama kawaida, akaketi, akanisogezea sahani ya wali. Nikapapasa pembeni ya sahani nikitafuta mtungi. Safari hii maji hakuniletea.