Siku Rubani Alipokataa Kuruka

Dada yangu alikuwa Lamu, mahututi, na barabara ya kule ilikuwa imekatwa na mvua za masika. Jamaa zangu wa Kibokoni, hapa Mombasa, wakanitafutia nafasi kwenye ndege ndogo.

Rubani alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa Makadara. Nilimjua tangu nilipomtengenezea mamake kabati. Abiria tulikuwa tumekwisha kusimama uwanjani na mizigo yetu, aliporudi kutoka kupiga simu Lamu, akitikisa kichwa.

"Fundi, leo siruki."

"Mbona mbingu ni safi, mwanangu?"

"Hapa, naam. Lamu mawingu yameshuka sana. Kanuni yaniruhusu nijaribu, lakini moyo wangu wakataa. Niwie radhi."

Nilimtolea maneno ambayo mtu hamwambii mtoto wa jirani. Baadaye kidogo rubani mwengine, mtu mzima, aliruka na ndege iliyojaa mizigo, isiyo na nafasi ya abiria, akafika Lamu salama. Dada alifariki, akazikwa jioni ile. Mimi nilikuwa Mombasa.

Matanga yalipokwisha nilirudi karakanani, usingizi sijauona. Msumeno wetu wa umeme ulikuwa na kinga ya chuma juu ya meno yake, na tajiri wetu alikuwa mkali: asiyeishusha kinga hana kazi. Asubuhi hiyo alitaka mbao za milango zipasuliwe upesi. Nikashika ubao, mikono ikawa mizito kama si yangu. Nikazima mashine.

"Kinga si ipo?" akauliza tajiri. "Waogopa nini?"

"Ipo, bwana. Lakini haijui kwamba nasinzia."

Akampa kazi mwenzangu, naye akaimaliza kabla ya adhuhuri, vidole vyote salama. Mimi nikachukua randa, nikalainisha mbao kwa mkono hadi alasiri, bega likiniwaka, wenzangu wakinong'ona kwamba msiba umenitia woga. Huenda ulinitia. Hata leo sijui.

Jioni yule kijana rubani alikuja nyumbani kunipa pole. Alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa, hajui kama nitamkaribisha. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosea, kwamba leo nami nilizima mashine. Lakini kila nikimtazama, nilimwona dada.

"Pita ndani," nikamwambia. "Kahawa iko."

Akaingia, akakaa mkekani kando yangu. Nikammiminia, naye akanywa pole pole, wala hatukuizungumza ile safari.