Kitabu Kilichosifu Ukimya

Riwaya mpya za vijana zina tabia moja inayonikera: mzazi huondolewa mapema. Hufa, husafiri, au huwa mjinga tu, ili mtoto apate nafasi ya kutangatanga. Mimi ni mwalimu wa fasihi huku Kaaga, na huzisoma nyingi kabla hazijawafikia wanafunzi. Hata hivyo nazipendelea kuliko vitabu vya safari, maana mwandishi wa riwaya angalau anakiri kwamba anatunga.

Binti yangu wa miaka kumi na sita hakubaliani nami. Likizo ya Agosti tulienda Kibugu kwa mamangu, naye akabeba kitabu kipya cha msafiri aliyevuka msitu wa Mlima Kenya. Msafiri huyo anadai alitembea peke yake, kimya, bila simu, ili msitu umzoee. Nilimwonyesha binti yangu picha ya huyo bwana akitembea, iliyopigwa kutoka nyuma, nikamuuliza ni nani aliyeipiga.

"Mum, wewe lazima ukosoe kila kitu," akasema.

Kesho yake mimi na mamangu tulirudi kutoka kuchuma chai tukakuta kitabu kimelazwa kifudifudi kwenye benchi, na simu ya binti yangu juu yake. Shamba letu linapakana na msitu. Mamangu aliitazama simu, akaniuliza mtoto ameenda na nani. Nilichungulia chumbani; hakuwemo.

Kibugu hakuna anayeingia msituni kimya. Wanawake wakienda kutafuta kuni hupiga kelele njia nzima, huteta, hucheka hata pasipo la kuchekesha, ili ndovu wawasikie mapema na wasogee. Nimekulia katika kelele hizo. Binti yangu amekulia mjini, na kitabu kilimfundisha kinyume.

Mamangu alichukua sufuria na mwiko. Tulisimama michai inapoishia, yeye akipiga, mimi nikiita hadi sauti ikakauka. Kila tuliponyamaza ili tusikilize, niliogopa zaidi. Labda alitusikia akakataa kuitika kwa sababu ya kitabu. Labda hakuweza. Kisha matawi yakavunjika mbele yetu, mengi kwa pamoja, na mamangu akanishika mkono. Kishindo kiliteremka kuelekea mtoni.

Binti yangu alitokea baadaye, akitembea polepole, sketi imelowa.

"Ndovu alikuwa hapo tu, Mum," alinong'ona. "Nilikuwa nawasikia mkiniita. Ningeitika, angejua mahali niko."

Nilimfunga leso yangu kiunoni tukarudi nyumbani. Mamangu aliendelea kuipiga ile sufuria hadi mlangoni.

Amerudia vitabu vyake. Zamani nilijivunia jinsi anavyosoma, nyumba nzima ikiwa imetulia. Sasa utulivu huo ukizidi, huogopa, na humwita kutoka jikoni.

"Niko, Mum," hujibu, bila kukasirika.

Nakoroga chakula kidogo, kisha namwita tena.