Usivute Kamba Chini ya Mti Unaolia

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, katika pori la upande wa Geita, nikiwa nimepiga goti chini ya mti uliokatwa nusu, navuta kamba ya kuwashia msumeno wa injini kama mwehu. Mwanangu, nakusimulia hili kwa sababu jana nilikuona ukifanya vilevile nyuma ya nyumba yangu, nami nimechoka kusema.

Miaka ile ya hamsini misumeno ya injini ilikuwa migeni kwetu. Ule wetu ulishikwa na watu wawili: mimi upande wa injini, Masanja upande wa ncha. Tulikata magogo ya kuegemeza mashimo ya mgodi. Wazazi walikuwa wametutoka, nami ndiye mkubwa; niliacha shule darasa la tatu ili wadogo zangu watatu wapate kula. Uji ukipungua niliuongeza maji, ukatutosha. Basi nikadhani kila kitu duniani huongezwa maji.

Injini ile ilitaka petroli ichanganywe na oili kwa kipimo. Msimamizi wetu, Mzee Ng'wandu, alinipa kopo la kupimia, akanionya nisipunguze. Mimi nikaweka nusu kopo. Hakuna aliyenituma! Nilitaka tu dumu la oili lichelewe kwisha, nisifiwe kwamba yatima huyu anajua kutunza. Na wiki nzima nilisifiwa.

Siku hiyo, mti mkubwa wa aina ya mtundu ukiwa umekatwa zaidi ya nusu, injini ikapiga yowe, ikanyamaza. Upanga wa msumeno ukabanwa ndani ya mti. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena.

"Kaka, tuondoke," Masanja akasema. "Mti unalia."

"Ngoja. Mara moja tu."

"Mara moja ya ngapi hiyo? Mimi sina msumeno, nina mke."

Akaachia mpini, akaenda zake. Sikio la kufa halisikii dawa, mimi nikabaki. Nilikuwa nikiwaza jambo moja: msumeno ukifa nitafukuzwa, na mdogo wangu Kabula na wenzake watakula nini? Nikashtukia nimekamatwa ukosi wa shati, naburutwa kinyumenyume kama mbuzi apelekwaye mnadani. Mti ukalala palepale nilipopiga goti, ukaukunja ule upanga kama jani la muhindi.

Aliyeniburuta alikuwa Mzee Ng'wandu, na hakunipa pole. "Ng'wanone," akaniita, kama sisi Wasukuma tunavyomwita mwana, "nikikufukia hapa leo, nani atawapikia wadogo zako?"

Injini ilipopoa akanifungulisha skrubu moja moja mpaka tukaifikia pistoni. Ilikuwa kavu, imekwaruzika yote.

"Gusa," akasema. "Hiyo ndiyo akiba yako."

Hakunifukuza. Alinirudisha kwenye msumeno wa mkono, na mashine ilipotengenezwa, kila asubuhi nikawa nampimia oili Masanja, aliyeshika injini mahali pangu. Naye hakuacha kunichungulia begani: "Jaza kopo, kaka. Bado nina mke."

Basi sikiliza, kwa maana sitarudia, ingawa najua nitarudia. Oili ipime kama kijitabu cha mashine kinavyosema, si kama roho yako inavyosema. Kabla hujakata, fyeka njia ya kukimbilia, nyuma na kando ya upande utakaoangukia mti. Injini ikizimika mti ukiwa nusu, tazama juu kwanza. Uache msumeno humohumo, ondoka, waonye wenzio. Mashine ikishatoka salama ndipo uiulize inaumwa nini. Petroli ipo? Kichujio cha hewa kimejaa unga wa mbao? Ukisikia harufu kali ya petroli, umeivuta mno, plagi imelowa. Ifungue, ifute, iache ikauke. Na hiyo sigara itupe mbali! Mnyororo nao usiuguse injini ikinguruma, hata kwa ajili ya kigome kimoja. Ufa usipozibwa huja kujengwa ukuta, lakini mkono ukikatika hakuna fundi wa kuujenga. Chuma kina spea, mwanangu. Wewe huna.

Nenda. Mungu akurudishe jioni na vidole vyako vyote kumi, na mti unaokutafuta ukukose.