Farasi Mkononi mwa Mwalimu

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hainui macho mtu akimkumbusha kwamba akiwa na miaka tisa aliwatoa jasho wanaume wazima kwenye sataranji. Hucheka tu, huku akiendelea kukunjua vidole vya mgonjwa, kimoja kimoja, taratibu. Aliacha mashindano baada ya miaka saba ya kuamka na hofu kila siku ya mchezo. Siku hizi wagonjwa wake hushika kete ili kuamsha mikono, naye husimama nyuma yao, hachezi.

Jana mwalimu mstaafu, aliyepooza mkono wa kulia, aliambiwa ainue farasi wa mbao, kete ya sataranji. Akamwangusha mara nne.

“Basi, mwanangu. Mkono huu umeshakufa.”

“Haujafa, mwalimu, unadeka tu. Tena.”

Mara ya tano farasi alipaa, akatetemeka hewani, akatua ubaoni, pasipo pake. Mwalimu aliguna. “Lakini farasi haendi hivyo.”

“Leo anakwenda anakotaka!” Machozi yalimlenga mtaalamu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya ubao, akasogeza kete yake.

“Haya, mwalimu. Zamu yako.”