Ng'ombe Huabira

Nilipokuwa darasa la nne huko Bukiriro, mwalimu wetu wa Kiswahili alituagiza tuandike milio ya wanyama. Mbwa hubweka, jogoo huwika, simba hunguruma. Kwa ng'ombe niliandika kwa penseli yangu: huabira, kama tulivyosema nyumbani kwa Kirundi. Akaniita mbele, akalisoma kwa sauti. Wenzangu wakacheka mpaka wakalalia madawati.

"Ng'ombe hulia," akasema. "Hilo ni neno la wakimbizi. Lifute."

Nikamuuliza kwa nini mbwa awe na neno lake, jogoo awe na lake, halafu ng'ombe aazime la watu waliofiwa. Nikapewa jembe: nilime bustani ya shule kila siku baada ya masomo, mpaka nitakapofuta.

Siku ya kwanza tu mikono iliota malengelenge. Nilifika nyumbani nikimlilia mama aniruhusu nifute, yaishe. Alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Ng'ombe akiabira, anamwita ndama wake," akasema. "Bibi yako alivuka mto Ruvubu amenishika mkono, ng'ombe wetu tumewaacha ng'ambo. Tulipofika upande huu tukawasikia wanaabira. Hatukuja hata na kamba ya kufungia ndama. Neno hilo tulikuja nalo." Akachukua kisu chake tena. "Kalime, mwana wanje, mwanangu. Usilifute."

Nililima wiki mbili, na kwa hasira ile nadhani mchicha wa shule haukuwahi kustawi vile. Mwalimu ndiye aliyechoka. Alichukua daftari, akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaniwekea sifuri. Mstari ule mwekundu haukuficha kitu, neno lilisomeka vizuri tu chini yake. Nilimpelekea mama sifuri yangu nikiwa na furaha ya mtu aliyefaulu.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha Kiswahili, hapa Ntobeye. Nakipenda, na kwa kuwa nakipenda sioni haya kukidai nafasi ya neno la nyumbani. Juzi binti mmoja wa darasa langu kaandika ng'ombe huabira, nikamwekea vema kubwa. Mwalimu mkuu alipopitia madaftari akaniita, akataka kujua neno hilo nimelitoa wapi.

"Lilivuka mto na mama yangu," nikamjibu. "Na mimi nimelilimia wiki mbili. Silifuti."