Kondoo Saba Waliofungiwa Nyuma ya Jiko

Daktari wa mifugo wa kwetu hakuwa mwanamke wa kubishana. Alisema mara moja, akanyamaza, akafanya. Watu walimwita Mama Sindano, naye akaitika bila kinyongo.

Mwaka ule, kabla ya mvua kubwa, alipita zizi hadi zizi akichanja kondoo. "Maji yakishatuama, mbu hawasubiri foleni," alisema. Mbu wale huwapa mifugo homa, na mifugo huwapa watu. Kwa kaka yake alichanja thelathini na wawili. Hakujua kwamba wifi yake, mke wa kaka, amewafungia saba nyuma ya jiko, wote wenye mimba. Jirani alikuwa amemwambia wifi kwamba chanjo itawafanya wazitupe.

Mvua ikanyesha, mbu wakajaa. Saba wale ndio waliotupa mimba, mmoja baada ya mwingine, katika juma moja. Wifi angemwitaje daktari, na aliwaficha mwenyewe? Aibu mbaya! Akavuta kwa mikono mitupu vile vitoto vilivyokufa, akafukia, akanawa, akafunga mdomo.

Siku chache baadaye kaka akapiga simu. "Wifi yako amelazwa. Homa, kichwa, macho yanaona ukungu. Wanasema malaria."

Mama Sindano aliingia wodini na viatu vyake vya mpira. Daktari wa watu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, alishika karatasi ya kipimo: malaria haikuonekana, lakini dawa zake zilikuwa zinaendelea. Mama Sindano akafunua mdomo wa mgonjwa. Ufizi ulikuwa unatoka damu.

"Wifi, kondoo yupi katupa mimba nyumbani?"

Wifi akageukia ukuta.

"Sikuulizi kwa ugomvi. Wangapi?"

"Saba," akasema, bado kageuka. "Niliwaficha, wifi yangu. Ukitaka nipige."

"Nikupige ufe, nitaanza kuzoeana na wifi mwingine uzee huu? Ulivaa glovu?"

"Glovu nitoe wapi mimi!"

Mama Sindano akamgeukia daktari. "Hii ni homa ya kondoo. Damu yake iende maabara leo. Na dawa za maumivu zinazofanya damu isigande, msimpe."

"Mama, humu wodini hakuna mwenye mkia."

"Najua. Wenye mkia hawanibishii."

Wodi nzima ikacheka, hata aliyekuwa na mguu uliofungwa plasta. Daktari naye akacheka, kisha akatazama tena ule ufizi, akaita muuguzi achukue damu. Mama Sindano alikwenda kuchukua ya kondoo, zikasafirishwa pamoja kwenye barafu. Majibu yalirudi baada ya siku mbili: ugonjwa mmoja.

Waliokimbilia chanjo sasa aliwakatalia, maana sindano ingeweza kubeba homa kutoka kwa kondoo mgonjwa hadi mzima. Alizuia kuchinja, akatia dawa kwenye madimbwi. Daktari wa watu akamwomba orodha ya nyumba ambazo kondoo wametupa mimba. Akakuta wagonjwa wake wanne wametoka humo.

Wifi alitoka hospitali amekonda, ila ulimi ndio ulionenepa. "Nimetibiwa na daktari wa kondoo. Msishangae mkinikuta nakula majani."

"Majani utakula baadaye," Mama Sindano akamwambia. "Kuna nyumba zinanificha mizoga. Twende."

Walikwenda wote wawili. Mwenye nyumba akiapa hana kitu, wifi hakubishana naye. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya jiko.