Oili ya Gari la Babu Yenu

Nyie wajukuu, tangu arobaini ya babu yenu hamjakanyaga hapa kijijini Gare. Miguu imeoza?

Leo nusura niliue gari lake.

Nilimwaga oili chafu mwenyewe, nikatia mpya, nikapima kwa kile kijiti. Haijafika. Nikaongeza. Bado! Nikaongeza tena.

Kuwasha tu, moshi mpaka kuku wakakimbia. Nikakaa chini nikalia.

Fundi akaja. "Shikamoo bibi. Umepimia hapahapa mteremkoni?"

"Marahaba. Sasa nipimie wapi, na huku kote ni mteremko?"

"Gari limeinama, oili yote imekimbilia mbele, kijiti kiko nyuma. Umeijaza kupita kiasi. Mzee alikuwa akipimia uwanja wa kanisa, kule tambarare."



Miaka yote hiyo akilipeleka gari kanisani eti kupima oili, nilimfokea: "Nenda kapige soga zako!" Alicheka tu, akaenda.

Fundi amepunguza oili, injini imetulia. Mimi bado.

Haya, nichekeni.

Ila mkija, msianzie kwangu. Anzieni kaburini, mwambieni babu kwamba bibi anaomba radhi. Mimi nikifika pale maneno hayatoki.